Sifuri Nayo Iandikwe: Kwa Mnaoanza Kutazama Ndege wa Nyumbani Msimu Huu

Jumapili iliyopita nilikaa barazani na madaftari sita ya vijana wetu wapya mpaka chai ikapoa. Ni wiki ya tatu ya Septemba hapa Entebbe, ndege wageni wa kaskazini wameanza kuingia, na kila kijana alikuwa amepewa kazi ile ile: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, ua wa nyumbani kwenu, andika ndege, maua na mvua. Daftari la kwanza lilinifurahisha sana. La pili lilisema, "Vuli imeanza, majani ya mti wa jirani yamekuwa mekundu na yanaanguka." La tatu lilikuwa na yangeyange sita Jumatatu, sita Jumanne, sita Jumatano, sita kila siku mpaka mwisho wa juma, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, wala karatasi haikuwa na doa la tone hata moja, ingawa Jumatano asubuhi mvua ilitunyeshea sote mpaka viatuni. Nikalifunga nikakaa kimya muda mrefu.

Wadogo zangu, nawapenda. Mmoja ametoka Arua, mwingine Tororo, wawili ni wa Bombo, na mnaamka alfajiri kwa ajili ya ndege bila kulipwa na mtu. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikiwaona mnapita palepale nilipopita mimi.

1. Vuli ya kitabu si vuli yetu. Vitabu mnavyosoma vimeandikwa Ulaya, na vinaposema vuli vinamaanisha siku zinazofupika, baridi ya asubuhi na majani yanayopukutika. Vuli ya Mswahili wa pwani ni mvua, na huku kwetu ziwani mvua hizo za pili huwahi: Septemba tayari zimo, zinaendelea mpaka Novemba au hata Desemba. Ule mti mwekundu wa jirani ni mkungu. Mkungu hugeuza majani rangi na kuyaangusha baada ya kiangazi, wakati mwingine mara mbili kwa mwaka, na hauna habari na Ulaya. Andika "mkungu, majani mekundu, yanaanguka". Hapo umefanya kazi. Ukiongeza "vuli imeanza", umeshaingiza maelezo ya mtu mwingine ndani ya macho yako.

Entebbe iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo mchana wetu huongezeka au kupungua kwa dakika moja hivi tu mwaka mzima. Mbayuwayu aliyezaliwa Poland huhisi mchana wa kwao ukipungua, akaondoka. Ndege wa hapa husikiliza zaidi mvua, kwa maana mvua ndiyo inayoleta wadudu, mbegu na majani mabichi. Mkitaka kuona kwa macho jinsi tulivyo karibu na ikweta, tarehe 23 Septemba simamisheni kijiti kilichonyooka uani saa saba kasorobo mchana. Kivuli chake mtakitafuta. Niliwafanyia watoto wa mtaani kwetu jambo hili, mmoja akalia akidhani nimekificha.

2. Saa. Amueni mnaandika saa ya Kiswahili au saa ya simu, msichanganye. Nilipokea orodha ya kwera kumi na wawili wakifuma viota saa saba usiku, kwa sababu kijana aliandika "saa 1" ya asubuhi kwenye daftari, halafu akaingiza 1 ileile kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazamaji ndege, linalofuata saa ya simu.

3. Mbayuwayu wa Julai si mgeni. Kila mwaka kuna anayetangaza kwamba mbayuwayu wa Ulaya wamewahi kufika, na kila mwaka huwa ni mbayuwayu wa Angola, mwenyeji wetu, anayejenga kwa udongo chini ya mapaa ya nyumba zetu. Mtazame kifuani. Mgeni ana koo jekundu la kutu, chini yake mkanda mweusi uliokamilika, kisha tumbo jeupe au la rangi ya maziwa. Mwenyeji, wekundu wake unashuka mpaka kifuani, mkanda wake ni mwembamba tena umekatika, na tumbo ni la kijivujivu. Subirini ageuke. Asipogeuka, andikeni "mbayuwayu" basi.

4. Keremkerem, ndege mla nyuki, na hapa ndipo nina deni kwenu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mzee mmoja aliyetufundisha wengi wetu alikuwa akikusanya madaftari ya ua kutoka kwa watu saba waliozunguka ziwa, apate kulinganisha siku ambayo kila ndege mgeni anaonekana kwa mara ya kwanza. Alinipa daftari jipya na penseli mbili. Kuanzia Januari mpaka Agosti niliandika kila siku. Niliandika vizuri, nalisema hili bila aibu. Mwezi wa nne mbayuwayu wa Angola wawili walijenga chini ya paa la jikoni, nikawafuata tangu donge la kwanza la udongo mpaka siku makinda matatu yalipokaa kwenye kamba ya nguo yakitetemeka.

Septemba nikapata kibarua cha kuwatembeza wageni wa nyumba moja ya kulala wageni. Nilitoka nyumbani gizani, nikarudi gizani. Wiki tatu sikukaa uani hata mara moja. Jumapili ya tatu, mzee akatuma ujumbe kwamba atapita kuchukua madaftari. Nikawasha taa, nikachukua kalamu ya wino, nikajaza siku ishirini na moja kwa mkupuo mmoja.

Nilijiambia kwamba sidanganyi. Nani asiyejua ndege wa uani kwake? Shorwe wanne, kwenzi wawili, yangeyange sita, chozi mmoja kwenye haibiskasi. Kisha nikafika tarehe 12. Asubuhi ile, nikisubiri taksi stendi, nilikuwa nimesikia sauti za keremkerem juu sana, ule mlio laini unaoviringika, nami sikuinua uso kwa sababu konda alikuwa ananiita. Nikaandika: "Keremkerem wa Ulaya, 14, wakienda kusini." Kumi na nne. Niliichagua namba hiyo kwa sababu kumi ingeonekana imekadiriwa.

Baada ya siku nane mzee alikuja mwenyewe, kwa boda, na darubini shingoni. Alikuwa amefurahi. Watu sita wengine waliandika tarehe 21 na kuendelea; mimi nilikuwa nimewatangulia kwa siku tisa.

"Mwanangu, ulikaa wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kigoda chini ya mfenesi. Akakaa. Akainua uso kuelekea kaskazini, akanyamaza. Mfenesi ule ulifunika anga lote la upande ule. Palipokuwa na mwanya hapakutosha kuona njiwa mmoja, sembuse kundi la keremkerem. Hakusema neno juu ya hilo. Aliuliza tu, "Koo zao zilikuwa rangi gani?"

"Njano, mzee."

Akasubiri. Sijui alisubiri kwa muda gani. Kuku walipita kati yetu. Nikamwambia kila kitu, mpaka ile kumi na nne.

Mnafahamu kwa nini lilimuuma? Keremkerem wa Ulaya si peke yao wanaopita juu ya Entebbe miezi hii. Kuna wale wa koo jeupe wanaoshuka kutoka ukingo wa Sahara baada ya kulea huko. Kuna wale wa mashavu ya buluu wanaotoka Asia na kukaa karibu na ziwa. Wote hulia kwa namna inayokaribiana wakiwa juu. Sauti niliyoisikia stendi ingeweza kuwa ya yeyote kati yao, na mimi nilikuwa nimemchagulia nchi aliyotoka, idadi na mwelekeo. Kazi yote ya mzee ilikuwa kuwatenganisha wageni hao, nani anafuata mchana wa kaskazini na nani anafuata mvua ya Afrika yenyewe.

Akatoa rula mfukoni. Nilitegemea akate mstari ule mmoja. Akakata wiki tatu. Kisha akafungua nyuma, Agosti, Julai, Aprili, akatazama kurasa za makinda ya mbayuwayu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na haya? Nitajuaje?" Nikaapa kwamba hayo ni kweli. Akasema, "Nakuamini. Lakini siwezi kuyatumia." Mwaka mzima ukatoka kwenye hesabu yake. Asubuhi mia mbili na zaidi za ukweli ziliondoka pamoja na jioni moja ya uongo.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba alibomoa lile jiko na kuinua ghorofa. Mbayuwayu hawakurudi, na ushahidi pekee kwamba waliwahi kulea pale uko kwenye daftari lililopigwa mistari kwa rula. Ninalo mpaka leo. Mwenye yangeyange sita, njoo nikuonyeshe. Sitakugombeza.

5. Siku ambayo hukukaa, andika "sikukaa". Siku uliyokaa usione kitu, andika sifuri, na uandike ulikaa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, na bila sifuri za tarehe 10 mpaka 20, tarehe 21 haina maana yoyote.

6. Penseli, si kalamu ya wino, mvua haiifuti.

7. Beseni la maji lisizidi kina cha kidole, liwekwe mbali na kichaka anachojificha paka, na maji yabadilishwe kila asubuhi.

8. Maua mnayapita. Karibu madaftari yote sita yana ndege kurasa na kurasa, halafu "maua mengi" mara moja. Maua gani? Mti wa musambya umefungua manjano yake yote au ndiyo kwanza matumba? Kibobakasi kimeanza juu au chini? Lile yungiyungi jekundu la duara kama mpira wa miiba, Scadoxus multiflorus, hulala ardhini kiangazi chote na kuchomoza mvua zinaposhika. Tarehe ya kuchomoza kwake ni kipimo cha msimu kuliko kalenda ya ukutani. Na mkiwa hapo hapo kwenye ua, mwangalieni chozi anavyokula. Ua refu ambalo mdomo wake haufiki ndani, hulitoboa chini kwenye kitako na kunyonya utamu bila kugusa chavua. Mama yangu alidhani ni wadudu wanaotoboa haibiskasi zake, akataka kupiga dawa. Nikamketisha dirishani nusu saa, akamwona mwizi mwenyewe, akaiacha dawa. Siku hizi yeye ndiye anayenipigia simu: "Mtoto wako amekuja."

9. Dume haliwi dume la rangi mwaka mzima. Fumbwe huangusha mkia wake mrefu nje ya msimu wa kuzaa, na baadhi ya madume ya kwera huacha manjano yao makali na kufanana na majike. Kwa hiyo, kabla hujamwita mtu kuona "ndege mpya wa kahawia", mtazame mdomo wake, kisha utazame alio nao. Vivyo hivyo mwewe: wetu ana mdomo wa njano na wa kutoka kaskazini ana mdomo mweusi, lakini kinda la mwewe wetu nalo lina mdomo mweusi. Msikimbilie kuhesabu wageni kwa mdomo peke yake.

10. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, acheni kila mnachofanya, hata chakula. Nusu saa ile ua wako hupokea ndege ambao hutawaona wiki nzima: mbayuwayu wa aina zote mbili ubavu kwa ubavu, mwewe wakidaka kwa kucha na kula wakiwa angani, kunguru na kalooli, yule korongo mkubwa mwenye kipara, wakitembea kama wenye shamba. Hapo ndipo tofauti za namba 3 mtazishika vizuri, kwa sababu ndege hushuka mpaka usawa wa macho. Waganda wameuita mwezi wa Novemba Museenene, kwa senene wanaokuja wakati huo. Wakulima wa hapa walikuwa wakisoma msimu kwa wadudu kabla sisi hatujashika darubini. Waulizeni bibi zenu, mwandike wanachosema na tarehe mliyoambiwa.

Jumamosi tukutane lango la Bustani ya Mimea saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njooni na madaftari kama yalivyo, msiyasafishe. Ukurasa wangu wa leo ni huu, muone ulivyo:

Alhamisi. Nimekaa saa 12:40 mpaka 1:10 asubuhi, kigoda kikiwa upande wa mashariki wa nyumba, anga ya kaskazini wazi. Mawingu, mvua hakuna; jana usiku ilinyesha kidogo. Shorwe 3. Chozi 1, jike, kwenye haibiskasi. Yangeyange 4, kisha 9, wakielekea ziwani. Mbayuwayu 2, hawakugeuka. Keremkerem 0, sikusikia. Musambya: matumba, matatu yamefunguka. Jioni sikukaa, nilikuwa nikisoma madaftari.