Mwanangu, Umeme wa Nyumba Hauna Hatia

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Tudor, Mombasa, hatujambo sote, alhamdulillah, na mamako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma kwa utulivu. Umeniuliza kama ni kweli, kama alivyokwambia muuzaji kwa simu, kwamba kompyuta uliyotununulia ulipokuja likizo inazimika kwa sababu ya umeme mbovu wa nyumba yetu, na kama utume pesa za fundi ili jambo hili liishe. Jawabu langu ni kwamba umeme wa nyumba hauna hatia, kompyuta yenyewe ndiyo mbovu, na usitume hata shilingi moja ya fundi. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu risiti ina jina lako na wewe ndiye utakayezungumza na duka, nami sitaki uzungumze nao bila hoja mkononi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku zile za mwanzo tuliivumilia kwa furaha ya kuwa nayo. Ikizimika, tuliiwasha. Lakini sasa imekuwa taabu ya kila siku. Juzi mdogo wako alikuwa akiandika ripoti yake ya chuo, amefika kwenye jedwali la vipimo, mara kioo kizima kikageuka buluu, maandishi meupe yakatokea kusema kwamba kompyuta imepata tatizo, asilimia zikawa zinapanda polepole chini yake, kisha ikajizima na kujiwasha yenyewe. Ilipowaka, jedwali halikuwapo. Hakusema neno, aliweka mikono yote miwili juu ya meza akawa anaitazama tu, na mamako aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai akarudi nacho jikoni. Siku nyingine haifiki hata huko: unabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa ya mbele inawaka, na monita inabaki nyeusi mpaka uchomoe waya na kuanza upya. Mdogo wako sasa anakwenda kuchapa kazi zake saiba, akilipa kwa kila ukurasa, ilhali nyumbani kuna kompyuta mpya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu najua ulijinyima nini ili uinunue.

Sasa nije kwenye hoja ya umeme. Unajua nimefanya kazi ya umeme bandarini maisha yangu yote ya ajira, kwa hiyo muuzaji alipolitaja hilo sikulipuuza, nililipima. Kiwango rasmi cha umeme wa majumbani hapa Kenya ni volti 240. Niliipima soketi kwa mita asubuhi, adhuhuri na usiku ule wakati ambapo mtaa mzima umewasha taa, feni na pasi, nikaona unashuka kidogo jioni, kama unavyoshuka Mombasa nzima, lakini si kushuka kwa kuzima kompyuta, kwani pawa saplai za siku hizi, yaani kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme, huvumilia zaidi ya hapo. Waya wa ardhi pia niliukagua, maana najua nyumba nyingi za zamani hapa kisiwani hazina, na ndiyo sababu watu hugusa boksi la chuma la kompyuta wakahisi linawapiga shoti ndogo. Kwetu upo na ni mzima.

Kisha nikachomeka ile kompyuta yetu kuukuu, ambayo bado mamako anaiwekea hesabu za chama, kwenye ekstensheni ileile pamoja na hii mpya, zote mbili zikiwa zimewashwa. Mpya ikazimika, kuukuu ikaendelea na kazi, na feni ya darini haikupunguza hata mwendo. Kama ni umeme uliopotea, ungepotea kwa mashine moja tu? Na ili nisibaki na shaka yoyote, niliitia sipiyu, yaani kile kisanduku chenyewe cha kompyuta, ndani ya boksi lake, nikavuka nayo kwa feri hadi kwa shangazi yako Likoni, ambako laini ya umeme ni nyingine kabisa. Huko nako ilitoa kioo kile cha buluu kabla hatujamaliza chai.

Kioo hicho chenyewe ni ushahidi, na ningependa ulielewe jambo hili vizuri kwa sababu muuzaji atajaribu kulipita haraka. Umeme wa nyumba ukikatika ghafla, kompyuta haipati nafasi ya kuandika chochote, inakufa palepale. Kioo cha buluu ni Windows yenyewe, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, inayojisimamisha kwa hiari baada ya kukuta ndani jambo isiloweza kuendelea nalo salama, na chini kabisa huandika jina la kosa. Kwetu jina hilo mara nyingi limekuwa MEMORY_MANAGEMENT, nalo linahusu kumbukumbu, vile vibao ambavyo mafundi huviita RAM. Watu wa duka walipoturudishia baada ya kuitazama mara ya mwisho, kijana wao alimwonyesha mdogo wako orodha ya matukio ndani ya Windows, akamwekea kidole kwenye rekodi namba 41 na kusema, tazama, umeme. Rekodi ile haisemi sababu. Inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuwa imezimwa kwa utaratibu, na huandikwa vilevile iwe umeme umekatika, iwe kompyuta imeganda, iwe mtu ameshikilia swichi mpaka ikazima. Kuisoma kama hukumu dhidi ya nyumba yetu ni kumdhulumu mteja asiyejua.

Kwa kuwa jina la kosa lilielekeza kwenye kumbukumbu, tuliipima kumbukumbu. Windows ina kipimo chake, na mtu yeyote anaweza kukitumia: unaandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kompyuta inajiwasha upya na kuanza kujikagua. Haikumaliza kabla ya kuandika kwamba imegundua hitilafu katika vifaa. Mdogo wako hakuridhika, akatia programu ya MemTest86 kwenye flashi, tukaiacha ifanye kazi usiku kucha bila Windows kuwashwa kabisa. Tulipoamka kwa swala ya alfajiri mistari myekundu ilikuwa imejaa kwenye kioo, na kila mstari mwekundu pale ni mahali ambapo kompyuta iliandika kitu ikasoma kitu kingine. Nimepiga picha kwa simu na nitakutumia. Jambo hili linaondoa pia ile hadithi ya kirusi cha kompyuta, ile programu haribifu, ambayo watu wa duka waliitoa mara ya kwanza, wakafuta kila kitu na kuweka Windows upya, wakaturudishia ikiwa vilevile. MemTest86 huwaka kutoka kwenye flashi yake. Kirusi kilichoko ndani ya Windows hakina nafasi pale.

Hapa kuna onyo ninalokuomba ulizingatie. Uliniomba nihamishie picha za marehemu babu yako ndani ya kompyuta hii ili zisipotee. Sitafanya hivyo. Kumbukumbu mbovu haiishii kwenye kuzima mashine tu. Inaweza kuharibu faili wakati wa kuinakili, nawe usijue mpaka siku utakapoifungua ukakuta picha nusu yake ni rangi zilizovurugika. Mafaili mawili ya mdogo wako tayari hayafunguki. Picha zitabaki kwenye diski ya zamani mpaka tupate mashine ya kuaminika.

Uliuliza pia, na naona kama ulikuwa ukijilaumu, kwa nini kitu kipya kisumbue hivi ilhali kile kikuukuu kimedumu. Usijilaumu, mwanangu. Watu wa vifaa vya elektroniki wanajua kwamba vifaa hivi hufa zaidi katika vipindi viwili: mwanzoni kabisa, kwa sababu ya kasoro zilizotoka nazo kiwandani, na mwishoni, kwa sababu ya uchakavu, katikati hutulia kwa miaka. Ndiyo maana viwanda vyenye uangalifu huviwasha na kuvichosha vifaa vyao kwa muda kabla ya kuvifunga kwenye maboksi, ili vilivyo dhaifu vifie hukohuko. Dhamana ya mwaka mmoja iliwekwa kwa ajili ya kipindi hiki hasa. Nilidhani pia labda umeuziwa mashine iliyotumika Uingereza ikapakwa rangi ya upya, kama inavyotokea, lakini diski huhesabu yenyewe saa ilizofanya kazi tangu ilipotengenezwa, na nilipoitazama hesabu hiyo nilikuta ni saa chache mno. Ni mpya kweli. Muuzaji hakukudanganya katika hilo, na haki yake nampa.

Nampa haki pia kwamba hewa ya Mombasa ni adui wa mitambo. Chumvi ya bahari na unyevu hula vichwa vya shaba vinavyogusana, vumbi huziba feni, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na hewa hufanya mashine ichemke mpaka ijipunguzie mwendo au kujizima. Nimeona mengi ya aina hiyo bandarini. Lakini chumvi hufanya kazi yake kwa miezi na miaka, haimalizi kompyuta katika wiki yake ya kwanza. Na kuhusu ile UPS, kile kifaa cha betri, wanayotaka kukuuzia kama tiba, UPS ni kitu kizuri katika mji huu na nitaichukua kwa pesa yangu tukishapata kompyuta nzima, kwa sababu hulinda kazi isiyohifadhiwa stima inapopotea. Haitibu kumbukumbu iliyooza.

Sababu ya kukataa fundi ni hii. Nyuma ya sipiyu kuna stika ndogo ya dhamana iliyobandikwa juu ya skrubu. Fundi akiifungua, hata akiwa hodari na mwaminifu, stika itachanika, na kuanzia saa hiyo duka litasema tumeivuruga sisi. Ninajua wapi pa kupata kibao kipya cha RAM, na kwa bei isiyotisha, na mdogo wako ananibembeleza kila siku tukibadilishe yaishe. Nimemkatalia. Huenda kosa ni kibao, huenda ni sehemu yake ya kuchomekwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, na bila kufungua hakuna anayeweza kujua. Kulijua hilo ni kazi ya aliyeuza.

Watakuonyesha maandishi yaliyoko chini ya risiti kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Yasikutishe. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameidhamini bidhaa kwamba inafaa, na maneno ya risiti hayawezi kuifuta dhamana hiyo. Ikibidi, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Sipendi kufika huko na naamini hatutafika, kwa sababu wenye maduka wengi hulegea wakiona mteja anajua anachokidai na amekiandika.

Kwa hiyo waandikie. Kupiga simu kumekwisha, kwa sababu kwa simu kila mtu anayepokea anaanza kesi upya na hakuna anayekumbuka alichoahidi mwenzake. Andika tarehe uliyonunua, namba ya risiti na namba ya mashine iliyoko kwenye stika ya nyuma. Eleza kwamba inazimika, kwamba walishaweka Windows upya na haikusaidia, na kwamba kipimo cha kumbukumbu kimeonyesha makosa, ukiambatanisha picha zangu. Dai wabadilishe kompyuta nzima au wakurudishie pesa zako, na uwape tarehe ya kujibu. Usikubali kwa maneno yoyote ipokewe tena kwa ajili ya kutazamwa tu, wameshaitazama. Kama watajitolea kubadilisha kibao cha RAM peke yake, wajibu kwamba babako atakubali kwa sharti moja: kipimo kile cha MemTest86 kifanywe dukani kwao, kimalizike bila mstari hata mmoja mwekundu, na dhamana ianze kuhesabiwa upya kwa maandishi.

Maneno yawe ya heshima. Yule kijana wa dukani ni mtoto wa watu, anasema alichoambiwa aseme, na mdogo wako alishampandishia sauti mara moja nikamkanya.

Ninachohitaji kutoka kwako ni risiti yenyewe, kwani sisi tumebaki na kadi ya dhamana tu, pamoja na ule ujumbe wa M-Pesa wa malipo ikiwa bado unao kwenye simu. Boksi, vipande vyake vya povu na nyaya zote nimezihifadhi chini ya kitanda cha wageni. Nitumie hivyo kabla ya Ijumaa, ili Jumamosi asubuhi niipeleke mwenyewe kabla duka halijajaa watu, na nitaondoka pale nikiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na muhuri ya kwamba wameipokea.

Wasalaam,
Babako