Shabaha kambini: angalia kwanza kilicho nyuma

Mwalimu wetu wa Wete, umeuliza kama vijana wa miaka 10 hadi 14 wanaweza kufundishwa shabaha kwenye kambi ya likizo bila mtu kuumia. Wanaweza, ila bunduki ya upepo iacheni; pinde zinatosha.

Wasiwasi wangu ni huko nyuma ya shabaha. Umesema mtapiga shambani, kwenye minazi: hapakosi mkwezi, hapakosi mbuzi. Tafuteni tuta kubwa la udongo, fungeni vijia vyote, na sheha, kiongozi wa shehia yenu, ajue. Mshale ukipaa, hata wa upinde wa mtoto, huvuka mita 50.

Anzeni mita 5 tu, kwa pinde laini, wote mstari mmoja. Filimbi mbili: sogea mstarini; moja: piga; tatu: kachukueni mishale; tano au zaidi: acha papo hapo. Anayechomoa mshale asiwe na mtu nyuma yake, mkia wa mshale hutoboa jicho. Wasichana wachomeke ncha za mtandio, kamba isinase. Mshale mfupi kuliko mvuto wa mpigaji, yaani umbali anaoivuta kamba, uwekeni kando kabisa, huweza kumchoma mkono ulioshika upinde. Na kamba isivutwe na kuachiwa bila mshale, upinde huweza kupasuka.

Kijana anayeifanyia mzaha filimbi, mpe kazi ya kuteka maji.