Shingo inayouma baada ya kliniki ya meno

Umeuliza kwa nini shingo inakuuma kila unapotoka kuhudumia wagonjwa kliniki ya meno, ilhali unanyanyua vyuma mara kwa mara na mabega yako yana nguvu. Nguvu ya mabega si nguvu ya shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha ili kuchungulia kinywani mwa mgonjwa, ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyolazimika kuushikilia mzigo huo bila kupumzika, huku misuli midogo ya ndani, iliyo mbele ya pingili za shingo, ikikosa kazi na kudhoofika.

Misuli hiyo midogo haihitaji vyuma. Lala chali, kisha vuta kidevu taratibu kuelekea kooni, kana kwamba unaitikia kwa kichwa, bila kuinua kichwa. Shikilia kwa sekunde 10, uachie, na urudie mara 10 kila siku kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo, mazoezi hayatafidia mkao mbaya. Mwombe mgonjwa ageuze kichwa chake badala ya wewe kupinda chako, na uzoee kutazama meno ya juu kwa kioo kidogo cha kinywani (wengi hukikwepa kwa sababu taswira huonekana kinyume, nami nilikuwa mmoja wao).

Ukihisi ganzi au udhaifu unaoshuka mkononi, acha mazoezi na umwone daktari mapema.