Usifungie kwa /64 kabla hujaivua anwani ya IPv4

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza jinsi ya kuhifadhi anwani za IPv4 kwenye safu ya IPv6 ya hifadhidata. Lakini umegusia pia kwamba kila msumbufu wa seva yako utamfungia kwa /64 yake, yaani anwani zote zenye biti 64 za mwanzo sawa na zake. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Soketi ya IPv6 (mlango ambao programu hupokelea miunganisho) inayopokea matoleo yote mawili humwona mteja wa IPv4 kama ::ffff:203.0.113.7. Ni baiti 16: 10 za sifuri, 2 za ff, kisha 4 za anwani yenyewe. Sasa bakiza biti 64 za mwanzo tu. Sifuri tupu! 203.0.113.7 inakuwa ::/64, na 198.51.100.20 nayo ::/64. Wateja wote wa IPv4 duniani wanaangukia kapu moja. Ukimfungia mmoja umewafungia wote, na wa IPv6 wanaendelea kuingia vizuri, kwa hiyo utahangaika na ruta na faiwoli wakati kosa liko kwenye mstari mmoja wa programu yako.

Wanaofundisha "fungia /64, basi" wananiudhi mpaka leo. Kwa IPv6 halisi wako sahihi, maana mteja mmoja huweza kumiliki /64 nzima. Kwa nini wasiseme sehemu ya pili?

Wengine watakwambia ukate maandishi "::ffff:" mwanzoni. Usithubutu. Anwani hiyo hiyo huandikwa pia ::ffff:cb00:7107, au 0:0:0:0:0:ffff:cb00:7107. Ya kwanza utabaki na cb00:7107 isiyo na maana, ya pili haitaguswa kabisa. Pima baiti: IN6_IS_ADDR_V4MAPPED (kipimo cha lugha ya C cha kutambua IPv4 iliyovishwa hivi) ikikubali, chukua 4 za mwisho, na tangu hapo huyo ni mteja wa IPv4, mfungie kwa /32, yaani anwani hiyo moja tu. Fanya hivyo mara tu baada ya accept (hatua ya kupokea muunganisho), kabla ya orodha ya waliofungiwa, kabla ya kikomo cha maombi, kabla hata ya kuandika logi.

IPV6_V6ONLY, chaguo la soketi linaloamua ipokee IPv6 tu (1) au matoleo yote mawili (0), iweke mwenyewe, usiiachie mfumo: kwa kawaida Linux huanza na 0, Windows na 1, na OpenBSD hairuhusu kuizima.

Kabla hujapandisha programu kwenye seva, jaribu kwenye Linux: fungia 127.0.0.1, kisha piga curl --interface 127.0.0.2 (ombi linalotoka 127.0.0.2) kwenda 127.0.0.1. Ukizuiwa, kapu bado ni moja.