Uliza Mwalimu wa Muziki: Desemba, shule na kanisa

Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Mi nafundisha shule ya msingi huku Moshi vijijini na jumapili naongoza kwaya parokiani. Msimu huu naupenda kuliko yote, yaani ikifika Novemba nikisikia watoto wanaimba darasani natamani mwaka usiishe. Ila mwaka jana mkesha wa Krismasi sauti ilinikauka kabisa, halafu nusu ya waliosimama kwenye kwaya walikuwa wageni toka Dar ambao hawajafanya zoezi hata moja. Nataka mwaka huu na mimi niifurahie ile misa, nifanyeje? – Mwalimu wa kwaya, Kilimanjaro

Milele amina mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu hao wageni wako ni waimbaji wangu! Mi niko Dar, na kila mwaka kuanzia tarehe 18, 19 hivi naanza kuona wanaume wa besi, ile sauti nene ya chini, wanapungua, wanakata tiketi wanapanda huko kwenu, tenori, wanaume wa sauti ya juu, wanafuata, mpaka mkesha unafika nimebaki na kina mama wa sauti ya kwanza na ya pili na wazee wawili wa besi ambao kwao ni hapahapa. Kwa hiyo we umepewa watu na mimi nimenyang'anywa, na wote tunaumwa ugonjwa mmoja: tunapanga nyimbo kama vile kwaya ya Oktoba ndo itakayokuwepo Desemba.

Sa hivi mi napanga kinyume. Naanza kujiuliza tarehe 24 usiku nani atakuwepo, halafu ndo nachagua nyimbo. Kwako wewe, wageni wako wamekulia kwenye hiyo hiyo parokia, zile nyimbo za Noeli za zamani wanazo kichwani tangu wako Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto cha parokia. Basi wape hizo. Mwanzo, matoleo, mwisho, weka nyimbo ambazo hata mtu aliyeshuka kwenye basi saa kumi jioni anaweza akasimama akashika besi yake bila karatasi. Wimbo mpya weka mmoja tu, kwenye shukrani baada ya komunyo, na uimbwe na wale waliofanya mazoezi tu, wageni wakae wasikilize, na uwaambie mapema kwa upendo ili asijisikie mtu vibaya. Na kwa wale wanaotaka kujifunza, kaa na simu yako wiki ya kwanza ya Desemba, rekodi kila sauti peke yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, tupia kwenye grupu la WhatsApp. Mtu yuko kwenye foleni Ubungo anasikiliza besi yake. Mi nina kijana alijifunza wimbo mzima njiani kati ya Chalinze na Korogwe, akafika anaujua kuliko sisi.

Kuna kitu kingine ambacho walimu wengi wa kwaya tunakisahau. Majilio yote, zile wiki nne za kungoja Krismasi, hatuimbi ule wimbo wa Utukufu kwa Mungu kwenye misa za Jumapili, si ndiyo? Sasa kwa sababu haumo kwenye misa na mazoezini tunauacha, tuko bize na nyimbo mpya, halafu usiku wa Krismasi unarudi ukiwa na kutu, soprano wanapanda sio pamoja, kinanda kinakimbia, na ndo wimbo ambao watu wote wameusubiri mwezi mzima. Mi kila zoezi la Majilio tunafunga na Utukufu, mlango umefungwa, tunauimba mara moja tu taratibu. Ule usiku padre akianzisha na kengele zikalia na watoto wa kutumikia wanazipiga kwa nguvu zao zote, kwaya inaingia kama mtu mmoja, mwalimu sijui nikuelezeje, mi huwa mikono inaendelea kuongoza yenyewe na machozi yanatoka na siyafuti.

Sasa sauti yako. Mwalimu, we hukukaukiwa mkesha, ulikaukiwa Novemba. Hesabu: asubuhi unafundisha darasa la watoto sitini unapaza sauti, mchana kwaya ya shule unaimba nao sauti zote, jioni parokiani unaimba nao tena sauti zote nne, hadi besi ambayo sio yako. Koo haliwezi. Acha kuimba na kwaya wakati wanaimba. Toa noti, imba mstari mara moja, halafu nyamaza usikilize, utashangaa makosa unayoyasikia ambayo zamani ulikuwa unayafunika na sauti yako mwenyewe. Darasani tumia makofi au filimbi kuwanyamazisha. Maji kunywa siku nzima, sio glasi tatu dakika tano kabla ya misa. Na ukiona imeanza kukwaruza pumzika kabisa, usinong'one kwa nguvu, kunong'ona hivyo nako kunachosha koo.

Na kwaya ya shule na kwaya ya kanisa zisiwe kazi mbili. Hapa ndo nilipoipata furaha yangu mwenyewe baada ya miaka mingi ya kukimbia huku na huku. Kumbuka darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba wanaondoka, kwa hiyo Novemba una watoto wa la nne, la tano na la sita, sauti nyepesi, na shule inafunga mapema Desemba. Usiwape nyimbo kumi. Wape tatu. Anza na sol-fa, yale majina ya noti, do, mi, so, yaani d m s, d m s, na zile ishara za mkono, kila siku dakika kumi tu kabla ya kipindi, bila maneno kwanza. Mtoto akishajua m iko wapi haipotezi tena, na huyo huyo jumapili anaingia kanisani anakuta wimbo uleule, anamfundisha mama yake. Mwaka juzi siku ya kufunga shule nilikuta watoto wa la nne wamekaa chini ya mwembe wanaimba sauti mbili wenyewe, hakuna aliyewaambia, wanangoja ripoti zao, mmoja anapiga mdundo kwenye ndoo ya maji. Nilisimama nyuma ya ukuta wasinione mpaka wakamaliza.

Halafu nikukumbushe jambo moja litakalokupa moyo. Ule wimbo wa Usiku Mtakatifu tunaouimba wote, aliyeutunga muziki wake ni mwalimu wa shule kama wewe. Franz Gruber, alikuwa anafundisha kijiji cha Arnsdorf kule Austria na kupiga kinanda kanisa la jirani, Oberndorf. Tarehe 24 Desemba 1818 paroko msaidizi, Joseph Mohr, akamletea shairi lake akamwomba aliwekee muziki wa sauti mbili na gitaa, na usiku uleule wakauimba. Sauti mbili na gitaa mwalimu! Kwa hiyo ukikosa tenori usilie, na kwa upande wangu ndicho nilichofanya mwaka jana hapa Dar, nilimweka mama mmoja sauti ya kwanza, mwingine ya pili, kijana akapiga gitaa, kanisa zima likatulia hadi nikasikia feni zinazunguka.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga, shule ya serikali, watoto wetu nusu Waislamu nusu Wakristo. Mkuu wa shule ananiambia niandae muziki wa kufunga mwaka na wazazi wataalikwa. Naogopa nikiweka nyimbo za Krismasi nitawaumiza wengine, nisipoweka pia nitaulizwa. – Mwalimu kijana

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuwaza hivyo kabla hujaanza. Nyimbo za ibada ziache kanisani na madrasa, mtoto asiimbishwe imani ambayo sio ya kwao. Shuleni fanya sherehe ya mwaka unaoisha, na Tanga una utajiri mpaka utachagua ushindwe: ngoma za Wadigo na Wasambaa, nyimbo za kuwaaga wakubwa, shairi la kuimbwa. Wale watoto wa madrasa wanaojua kupiga dufu, kaa nao wakufundishe mapigo, kwa kweli mapigo yale yanahitaji mkono na masikio, na mtoto anayepiga dufu vizuri nikimpa wimbo wangu wowote anaushika haraka. Waombe wawapigie wenzao kwenye wimbo wa shule ambao wote wataimba. Kama wazazi wa pande zote mbili wataomba wenyewe watoto wao waonyeshe kasida moja na wimbo wa Noeli mmoja, kila kundi liimbe la kwake na wengine wapige makofi, hapo sawa, lakini ombi litoke kwa wazazi na mkuu wa shule ajue.

Na anza wiki hii, Tanga mwezi huu joto na mvua za vuli zinaweza kukuvurugia uwanja, tafuta darasa kubwa la akiba.

Mwalimu habari. Mwanangu wa kiume ana miaka 13, alikuwa anaimba sauti ya kwanza vizuri sana hadi anapewa solo. Mwaka huu sauti inakatika katikati ya wimbo, na anayewafundisha amemwambia akae nje ya kwaya mpaka Januari. Mtoto halali usingizi, analia. – Mama wa Morogoro

Pole sana mama. Mtoto wako hajaharibika sauti, inabadilika, anakuwa mwanaume. Muda wake haujulikani, kwa mwingine miezi michache, kwa mwingine zaidi ya mwaka, kwa hiyo hiyo "mpaka Januari" haina maana, na kumtoa nje kipindi cha Noeli ndo kunaumiza zaidi ya kitu chochote, wengi waliotolewa hivyo hawarudi tena kwenye kwaya maisha yao yote. Nenda ukaongee na huyo anayewafundisha, kwa heshima, mkiwa wawili sio mbele ya watoto. Mwombe asimpe noti za juu wala asimlazimishe kushuka kwenye besi, amtafutie mstari wa katikati wenye noti tano sita ambazo zinatoka bila kusukuma, na pale inapokatika anyamaze kidogo aingie tena. Kama solo haiwezekani ampe kayamba au ngoma, au amsimamishe karibu na kinanda awe anawatolea wenzake noti, mtoto aliyeimba solo ana sikio zuri. Nyumbani aimbe kwa sauti ya chini anavyojisikia, asipige kelele uwanjani akicheza mpira.

Halafu mama, usiku wa leo kabla hajalala mwambie akuimbie wimbo mmoja, wowote ule, hata ukikatika katikati msikilize mpaka mwisho.