Kila mtu alisifu mtoto wangu ni mnono, mimi nikaacha kuangalia grafu

Kifungua mimba wangu alizaliwa na kilo 4.1, na siku tulimtoa hospitali kumleta nyumbani huku Free Area, ploti yote ilitoka nje kumwona. Mama mkwe alikuwa ameshuka Nakuru na matatu ya kwanza kutoka Njoro, amebeba kuku na ndizi, akampokea, akamfinya mashavu, akasema huyu ni mzee kabisa, huyu ameshiba tangu tumboni. Nilisikia raha hadi nikalia. Hiyo siku naikumbuka sana juu miaka sita baadaye huyo huyo kijana alikuwa ananiomba asiende shule siku ya michezo, wenzake walikuwa wanamuita jina siwezi kuliandika hapa, akipanda ngazi lazima asimame katikati apumue, na usiku anakoroma kama mtu mzima.

Nikampeleka kwa daktari wa watoto. Miaka 6, kilo 34. Njiani nilikuwa nimepanga majibu ya chipo na soda na smoki, nilijua hizo ndo nitaulizwa. Daktari hakuanzia hapo. Aliniuliza nilikuwa na uzito gani nikishika mimba, nilipimwa sukari ama hapana, mtoto alizaliwa na kilo ngapi, alinyonya miezi mingapi, uji alianza lini, usiku analala saa ngapi. Halafu akaomba kitabu cha kliniki, kile tukimaliza chanjo tunakisahau chini ya godoro. Kwa bahati bado nilikuwa nacho.

Akakifungua kwa ile grafu ya uzito, akaweka kidole kwa nukta ya kwanza, ya kuzaliwa, akakipandisha polepole. Wiki 6, wiki 10, wiki 14. Kila nukta imechorwa vizuri kwa biro ya bluu na kila nukta imevuka kwenda juu ya ile laini ya ukuaji ambayo nukta ya nyuma yake ilikuwa inafuata. Wiki ya 14 tayari alikuwa amefanya uzito wa kuzaliwa mara mbili, na watoto wengi hufika hapo kwa miezi 4 hadi 6. Miezi 6 alikuwa kilo 10.8, na kijana wa katikati wa umri huo ni kama kilo 8. Pembeni, kwa mwandiko wa sista, kila mwezi: "anaendelea vizuri". Mimi nilikuwa nimekiangalia hicho kitabu mara nyingi sana na sikuwahi kuona hiyo kitu. Mtoto akikonda nukta ikishuka, kila mtu anashtuka. Ikipanda, tunapigiwa makofi.

Na siwalaumu masista, naelewa inatoka wapi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha watoto 18 kwa kila 100 walio chini ya miaka 5 Kenya wamedumaa, na wenye uzito kupita kiasi ni 3 kwa 100. Kwa hivyo macho yote yako kwa mtoto asiyekua vizuri, na ni sawa yawe huko, lakini wale watatu pia wana mama na mimi ni mmoja wao.

Kitu ya kwanza nataka mama mwenye mimba asikie ni hii ya sukari. Daktari alinieleza kwamba sukari ya damu ya mama inapita kwa kondo la nyuma inaingia kwa mtoto, lakini insulini ya mama, ile homoni ya kushusha sukari, haipiti. Sasa mama akiwa na sukari nyingi, mtoto huko ndani analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe nyingi, na insulini ikizidi mwili unaweka mafuta. Ndo maana mama mwenye kisukari cha mimba mara nyingi anazaa mtoto mkubwa, na huyo mtoto anabaki na hatari zaidi ya kunenepa baadaye. Mimi kliniki niliyokuwa naenda walinipima mkojo tu, kwa hivyo sitawahi kujua kama nilikuwa nacho. Kipimo chenyewe kinafanywa kati ya wiki ya 24 na 28, unaenda hujakula, unatolewa damu, unakunywa maji ya glukosi gramu 75, unatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Wasipokuambia, uliza. Kama ulikuwa mzito kabla ya mimba, ama nyumbani kwenu kuna mtu wa kisukari, ama umewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, usitoke hapo kama hujauliza.

Halafu hii stori ya kula kwa watu wawili. Mimi niliongeza kilo 21, na nilianza nikiwa tayari mzito, hakuna aliyenikataza, kila nyumba nikiingia nawekewa sahani ya pili ati ni ya mtoto. Kumbe kiwango wanachotumia madaktari wengi ni kilo 11.5 hadi 16 kwa mama aliyeanza na uzito wa kawaida, na 7 hadi 11.5 kwa aliyeanza mzito kama mimi. Lakini tafadhali usiruke upande wa pili uanze kujinyima. Uholanzi kulikuwa na njaa kali wakati wa vita, 1944 kuingia 1945, na watafiti waliofuatilia vijana ambao mama zao walipitia hiyo njaa mwanzoni mwa mimba waliwakuta na unene zaidi walipokuwa watu wazima. Mtoto aliyebanwa tumboni halafu akazaliwa akalishwa haraka haraka ili "ashike wenzake" pia yuko kwa hatari.

Sasa nije kwa kulisha, na hapa ndo naumia zaidi.

Nauza mitumba, sina bosi wa kunipa ile likizo ya miezi mitatu ya uzazi iliyo kwa sheria, nikikaa nyumbani sipati kitu. Miezi miwili nikarudi sokoni, mtoto nikamwacha kwa mama mmoja wa deikea hapo jirani, mtu mzuri sana, alimpenda kama wake. Nilikuwa naacha maziwa ya ng'ombe na chupa. Miezi mitatu akaniambia mtoto analia njaa, tukaanza uji. Nilikuwa sijui kwamba maziwa ya ng'ombe yana protini karibu mara tatu ya maziwa ya mama, na protini nyingi hivyo mapema inasukuma mtoto kunenepa haraka. Hata kwa maziwa ya mkebe hiyo imechunguzwa, kwa nchi tano za Ulaya, waliopewa ya protini nyingi mwaka wa kwanza walikuwa wanene zaidi walipofika miaka 6 kuliko wa protini kidogo.

Lakini chupa ina shida ingine na hii naiona kwa karibu sana kila nikifikiria. Mtoto kwa titi akishiba anaachilia, anageuza kichwa, mikono inalegea, hakuna mtu anajua amebakisha ngapi. Kwa chupa unaona. Imebaki vidole viwili, maziwa ni pesa, unamrudishia. Anafunga mdomo, unamgusa shavu, anafungua. Anageuka, unamfuata. Nilifanya hivyo jioni baada ya jioni, na akianza kula vigumu nikawa namwekea katuni kwa simu, juu akiangalia katuni mdomo unafunguka wenyewe na sahani inaisha. Nilikuwa namfundisha asisikize tumbo lake. Hakuna mtu alinifundisha hiyo kitu, niliiona ikifanywa kwetu na nikaifanya kwa mapenzi kabisa.

Na uji wenyewe, unga wa mchanganyiko wa vitu kumi, njugu, soya, mahindi, halafu vijiko vitatu vya sukari ndio aupende. Akifika mwaka, soda kidogo kwa kifuniko kila tukiwa na wageni, baadaye ikawa chupa. Chupa moja ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 7 au 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kinywaji chochote cha sukari, na hiyo inashika hata ile jusi ya pakiti yenye sukari tunapelekea mtu aliyezaa.

Usingizi niliudharau kabisa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 ukiweka na za mchana, na wangu alikuwa analala tukilala, saa tano usiku tivii ikiwaka. Watoto wasiolala vya kutosha hunenepa zaidi, na sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo.

Kama mtoto wako tayari ni mzito usimnyime chakula, naomba sana. Daktari hakunipa dayati. Alisema kijana anakua urefu bado, tujaribu uzito usimame hapo urefu uufikie. Tukatoa soda nyumbani, kwetu sote, si kwake peke yake. Tukatoa tivii usiku. Anatembea shule na baba yake. Sai ana miaka 8, kilo 35, amerefuka, na muhula uliopita alikimbia siku ya michezo. Alikuwa wa mwisho na akaja kunionyesha jasho kwa shati.

Huyu wa pili ni msichana, ana miezi 8. Sukari nilipimwa, ilikuwa kidogo juu, nikapewa mpango wa kula na kutembea, akazaliwa kilo 3.4. Miezi 6 nilimpa maziwa ya mama peke yake, nakamua alfajiri kabla niende sokoni, yanakaa kama masaa 4 bila friji kwa baridi ya Nakuru, na saa nne asubuhi naruka na boda nikamnyonyeshe. Mama wa deikea nilimnunulia kikombe kidogo tukatupa chupa, na nikakaa naye chini nikamwonyesha, akigeuza kichwa mara ya pili, weka chini, hata kama ni nusu. Mwanzoni aliogopa nitadhani hakumlisha. Uji ni wa wimbi mzito, bila sukari, naponda ndizi ama avokado ndani, saa zingine omena iliyosagwa.

Mama mkwe alikuja wiki iliyopita. Akambeba, akampima kwa mikono, akaniuliza, "Mama, huyu anakula kweli? Mbona si kama kakake?" Nikamletea vitabu vyote viwili vya kliniki, nikavifungua kwa meza kando kwa kando, nikamwonyesha nukta. Alivaa miwani, akafuata na kidole kama venye daktari alifanya, akanyamaza kitambo. Akauliza hii laini ya katikati ni ya nini.

Mwezi ujao tunaenda ya miezi 9, chanjo ya surua. Nimeamua wakimaliza kumweka kwa mizani niombe wapime na urefu, juu kwetu mara nyingi wanapima kilo peke yake, na kilo bila urefu haikuambii kama mtoto ni mnene ama ni mrefu tu. Mama mkwe amesema tutaenda naye.