Shangazi, niandike safari zangu au ninyamaze?

"Shangazi, shikamoo. Nina miezi minane Hamburg, Ujerumani, nilikokuja kusoma kutoka Tanga. Natamani kuanzisha blogu ya safari kwa Kiswahili, lakini kaka yangu anasema sijafika popote pa kusimulia, na picha moja niliyopiga bandarini imewafanya ndugu waanze kuniomba fedha. Nifanyeje? – Mgeni wa Elbe"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako anadhani safari ni ndege na hoteli, nami sikubaliani naye hata kidogo. Ugeni wako ndio mtaji, nao unapungua kila siku, kwa kuwa yanayokushangaza leo utayapita mwakani bila kuyaona. Simulia jinsi ulivyoshuka chini ya mto Elbe na kuvuka kwa miguu, bila kulipa chochote, katika handaki lililofunguliwa mwaka 1911. Eleza pia kwamba ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima inakubaliwa kwenye treni za mikoa lakini si kwenye zile za mwendo kasi, jambo ambalo wageni wengi hulijua mbele ya mkaguzi. Kijana wa Korogwe anayejiandaa kuja huko atakushukuru.

Kuhusu ndugu, usiwakasirikie. Picha isiyo na maelezo humwachia mtazamaji ajaze mwenyewe, nao wamejaza utajiri. Andika basi kodi ya chumba, saa unazofanya kazi baada ya darasa na giza linaloingia saa kumi jioni mwezi Desemba, lakini kabla ya kuyaandika hayo mpigie mama yako simu umweleze, maana si vyema ayasikie kwa majirani.

Jambo moja la sheria usilipuuze: kibali cha mwanafunzi huko kinaruhusu kazi ya kuajiriwa kwa siku nzima 140 kwa mwaka, ilhali kujiajiri kunahitaji idhini ya ofisi ya wageni, kwa hiyo usipokee tangazo la kulipwa kabla hujauliza.

Ukiniuliza pa kuanzia, nitakutuma makaburi ya Ohlsdorf, humo humo Hamburg, alikozikwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1870 akabaki mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, ziliwasimulia Wajerumani habari za Unguja kwa lugha yao. Wewe utusimulie Hamburg kwa Kiswahili chenu cha Tanga. Nenda siku isiyo na mvua, ukae hapo kaburini kwa muda, kisha uandike ulichokiona na kilichokupitia moyoni. Ukimaliza, nitumie, nami nitakuwa msomaji wako wa kwanza.